Tanipu za Jumapili: Historia ya Mchezo wa Kijiji na Udanganyifu Wake

  Fungueni vitabu vyenu. Nawe ambaye bado wasoma polepole, usiwe na wasiwasi. Fuata mstari kwa kidole huku ukinisikiliza.

Mara nyingi somo la historia ni habari za vita, za safari na za wafalme. Leo nitakueleza historia ya mchezo. Usicheke. Mchezo huu ulianza Japani mwaka 2001, na umechezwa na mamilioni ya watu, wakubwa kwa wadogo. Ndani yake mna deni, mna soko, mna akiba ya benki, na mna majirani. Kwa hiyo mambo yake si mageni kwako.

Kwanza tuelewane: mchezo wa video ni nini? Ni mchezo unaochezwa kwa chombo cha umeme chenye kioo kama cha televisheni. Mchezaji hushika kidude chenye vitufe. Akibonyeza kitufe, mtu mdogo aliye katika kioo hutembea, huchimba au huvua samaki. Michezo mingi ya namna hii ni ya kupigana au kushindana mbio. Huu wa leo ni wa kuishi tu. Wahamia kijijini, wapewa nyumba, wapanda miti, waamkia majirani.

Mwenye wazo la mchezo huu ni Mjapani aitwaye Katsuya Eguchi. Alitoka Chiba, karibu na Tokyo, akaenda Kyoto kufanya kazi katika kampuni ya Nintendo. Kule Kyoto alikuwa mbali na jamaa na rafiki zake, akaona upweke. Baadaye alieleza kwamba upweke ule ndio uliomfanya atake kutengeneza mchezo wa ujamaa, urafiki na ujirani. Wewe uliyeacha kwenu ukaenda mjini kutafuta kazi, walijua jambo hilo bila kuelezwa.

Mchezo ulitoka tarehe 14 Aprili, 2001. Wajapani waliuita Dobutsu no Mori, maana yake Msitu wa Wanyama, kwa sababu majirani wote kijijini ni wanyama wasemao. Ulipofika Marekani mwaka 2002 uliitwa Animal Crossing. Fedha yake huitwa beli, yaani kengele. Mwenye duka ni mnyama aitwaye Tom Nook. Yeye hukupa nyumba kwa mkopo, nawe walipa kidogo kidogo. Hatozi riba, wala haweki siku ya mwisho. Wakopeshaji kama huyo ni wachache duniani!

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha somo. Mchezo huu una saa, na saa hiyo yaenda sawasawa na saa ya ukutani kwako. Ikiwa kwako ni usiku, kijijini nako ni usiku, na duka limefungwa. Ukichuma tunda leo, yakupasa ungoje siku kadhaa mpaka mti uzae tena. Mchezo unafundisha subira.

Lakini mtu hakawii kutafuta njia ya mkato. Wachezaji waligundua kwamba saa ile yaweza kugeuzwa kwa mkono. Mtu asiyetaka kungoja siku tatu aliisukuma mbele siku tatu, na matunda yakawa tayari. Wengine, walipokosea jambo, walizima chombo upesi kabla mambo hayajahifadhiwa, ili waanze upya kama kwamba hawakukosea. Hao waliwekewa askari wao: fuko aitwaye Resetti. Ukiwasha tena, Resetti alichomoza kutoka ardhini akakukaripia kwa maneno mengi, nawe huna budi kumsikiliza mpaka amalize.

Je, mtu yule aliyegeuza saa alimwibia nani? Wakati ule, hakuna. Kijiji kilikuwa chake, na chombo kilikuwa chake. Alijinyima mwenyewe raha ya kungoja, basi.

Mwaka 2005 mambo yalibadilika. Mwezi wa Novemba mwaka ule ilitoka Animal Crossing: Wild World, iliyochezwa kwa chombo kidogo cha kushika mkononi, nacho kiliweza kuunganishwa na intaneti. Sasa mchezaji wa mji mmoja aliweza kufungua lango la kijiji chake, na mchezaji wa mji wa mbali akaingia. Watu wanne waliweza kuwa pamoja katika kijiji kimoja. Ili kukaribishana, walipeana namba yenye tarakimu 12.

Lango likiisha kufunguliwa, huingia mgeni mwema na mgeni mbaya pia. Palikuwa na vifaa vya kubadili mambo yaliyoandikwa ndani ya mchezo. Wengine walivitumia kujijazia beli tu. Lakini wengine waliingia katika vijiji vya watu na kuacha humo vitu ambavyo mwenyewe hakuweza kuviondoa. Fikiri mtu aliyepanda maua yake kwa miezi mingi, akamkaribisha mgeni, kisha akakuta kijiji kimeharibika. Hapo hatusemi tena kwamba hakuna aliyedhulumiwa.

Sasa tufike mwaka 2020. Tarehe 11 Machi mwaka ule, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa wa korona umeenea ulimwenguni. Siku tisa baadaye, tarehe 20 Machi, ikatoka Animal Crossing: New Horizons. Katika nchi nyingi watu walikuwa wamefungiwa majumbani, wasiweze kuamkiana na ndugu zao. Basi wakatembeleana ndani ya mchezo. Mpaka tarehe 31 Machi, yaani katika siku 12 tu, ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 11.

Mara hii wachezaji waliishi visiwani, na biashara kubwa ilikuwa ya tanipu. Tanipu ni mboga ya mzizi, nyeupe, ya mviringo, ya jamii moja na figili. Kwa Kijapani huitwa kabu, na neno hilo hilo kabu lina maana ya hisa za kampuni. Kila Jumapili asubuhi msichana nguruwe aitwaye Daisy Mae hupita akiuza tanipu. Bei yake huwa kati ya beli 90 na 110. Kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi waweza kuziuza dukani, lakini bei hubadilika asubuhi na mchana. Jumapili ikirudi, zilizobaki zaoza.

Chukua kalamu, tupige hesabu. Umenunua tanipu 1,000 kwa beli 100 kila moja. Umetoa beli 100,000. Kama dukani kwako bei ni 50, utapata 50,000, umepoteza nusu. Lakini kama kisiwani kwa mwenzako bei ni 600, utapata 600,000; faida yako ni 500,000. Waona sasa kwa nini watu walipanga foleni kwenda visiwa vya watu wasiowajua.

Penye foleni hapakosi mjanja. Wenye visiwa wengi walikaribisha wageni bure, au wakapokea zawadi kwa shukrani. Lakini wengine walidai malipo kwanza, wakayapokea, kisha wakafunga lango. Na wageni nao, wapo walioingia wakaokota vya mwenyeji wakakimbia.

Palikuwa na benki pia, iliyolipa riba kila mwezi. Wengine waliweka akiba, wakasukuma saa mbele miaka na miaka, wakavuna riba bila kungoja hata siku moja. Mwezi wa Aprili 2020 wachezaji walipata barua kutoka benki ya mchezo: riba imepunguzwa. Ilikuwa karibu nusu ya asilimia moja kwa mwezi. Ikawa karibu sehemu moja ya kumi ya hiyo. Mwenye akiba ya beli milioni moja aliyekuwa akipata 5,000, sasa alipata 500. Wachezaji wengi waliamini kwamba shabaha ni wale wenye kusukuma saa.

Basi sikiliza jambo la kukumbuka katika somo hili. Barua ile haikuwaendea wasukuma saa peke yao. Ilimfikia pia mama aliyekuwa akiweka beli zake chache kila jioni, ambaye hakugusa saa hata mara moja. Riba yake nayo ilipungua. Mwaka 2001 yule aliyegeuza saa alisema, “Simdhuru mtu.” Alisema kweli, maana alikuwa peke yake. Mwaka 2020 mwenzake alisema maneno yale yale, lakini hayakuwa kweli tena. Watu wakiwa na soko moja na benki moja, hila ya mmoja huleta sheria, na sheria huwapata wote.

Nawe wajua hayo bila mchezo. Mtu mmoja akichezea mizani sokoni, wauzaji wote hukaguliwa. Mmoja akikimbia na fedha za chama, wote huwekewa masharti magumu ya kukopa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini wanaopita katika njia aliyoiharibu ni wengi.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini Katsuya Eguchi alitaka mchezo wa ujirani?

2. Umenunua tanipu 200 kwa beli 95 kila moja, ukaziuza kwa beli 140. Faida yako ni kiasi gani?

3. Je, mtu anayejidanganya akiwa peke yake ana kosa? Mwenye kusema ndiyo na mwenye kusema hapana, kila mmoja atoe sababu zake.

4. Andika mistari mitatu kueleza sheria moja ya kijijini au mtaani kwako iliyowekwa kwa sababu ya hila ya mtu mmoja.