Msimamizi, mjane na kanuni za 1963

Makanyagio ni kata ya Manispaa ya Mpanda, mji uliokuzwa na mgodi wa risasi wa Mukwamba na reli itokayo Kaliua. Wenyeji Wakonongo, Wabende na Wapimbwe wanaishi hapo na Wasukuma, Wafipa na Waha. Mtu akifariki katika mji kama huu, ndugu hufika kutoka mbali, hukaa kikao cha ukoo, na jina la msimamizi wa mirathi hupelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na muhtasari na cheti cha kifo.

Wengi hudhani aliyeteuliwa amepewa mali. Hakupewa. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 inamtuma akusanye mali na madai ya marehemu, alipe madeni, kisha awagawie wenye haki. Kanuni za usimamizi wa mirathi za 1971 zinampa miezi minne awasilishe Fomu Namba 5, yenye mali yote na madeni yote. Hesabu zake hufuata katika Fomu Namba 6. Fomu Namba 5 ina nguvu kuliko inavyoonekana: kaka wa marehemu aliyeteuliwa hulazimika kuitaja nyumba, shamba na ng'ombe kwa maandishi, na watoto wanaweza kuyasoma.

Lakini mwenye haki ni nani? Mwaka 1963 Serikali ilichapisha mila za urithi za makabila yanayofuata ukoo wa baba, katika Tangazo Namba 436. Humo binti aliwekwa daraja la tatu, la mwisho. Mjane hakupewa fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo; fungu lake lilikuwa kutunzwa na watoto wake. Msimamizi mwaminifu kabisa angeweza kufuata kanuni hizo na kumwacha mama mikono mitupu.

Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga walizipinga mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba zinabagua, ila ikakataa kuzifuta. Rufaa yao ilikwama mwaka 2010 kwa dosari za kiufundi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba dhidi ya ubaguzi wa wanawake iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki zao, ikataka walipwe fidia na sheria zirekebishwe.

Mjane wa Makanyagio naye anaweza kuomba usimamizi mwenyewe, kuweka pingamizi kabla ya uteuzi, au kuiomba mahakama imwondoe msimamizi anayekula mali ya watoto.