Gobori ya babu na bunduki ya askari

Wanachama wengi wakirudi mu nyumba zao wanakuta gobori ya babu mu dari, halafu wanatuuliza kama ni kweli kuna wazungu wanaolipa bei kubwa juu ya vitu kama hivyo.

Uzee peke yake hauleti bei. Mapatano ya Brussels ya 1890 yalikataza kuingiza bunduki za kisasa mu Afrika yetu, lakini yaliachia nafasi gumegume, zile za jiwe. Mafundi wa Liège walizitengeneza nyingi sana za biashara. Kitu kingi hakitafutwi.

Kinachotafutwa ni Albini, ile askari wa Force Publique walibeba. Hiyo Leta haikutaka raia aiguse. Mu Januari 1895, Kapiteni Lothaire alimnyonga mfanyabiashara Charles Stokes, akimshitaki kuuza silaha kwa maadui wa Leta. Hata risasi zilihesabiwa: wakati wa kauchu, askari walidaiwa mkono wa mtu uliokatwa kwa kila risasi waliyopiga.

Mwenye kukusanya silaha anataka namba za vyuma zilingane, mbao iwe ya mwanzo, na ushahidi wa fasi bunduki ilitumika. Huo ushahidi njo unapandisha bei sana. Sisi inatuuma: mateso ya babu zetu yamekuwa cheti cha bei, na anayelipwa ni mwingine.

Ila gobori bila karatasi inaweza kukuletea kesi ya silaha. Utujulishe kwanza, mbele ya kuionyesha mchuuzi.