Kigogo aliyeogopa katuni

Kwenye chumba cha habari kuna ubishi usioisha: kipi kinamuuma zaidi kigogo, habari yenye takwimu au katuni? Mimi ni mwandishi, kwa hiyo natamani kusema habari. Lakini jamani, kisa cha William Tweed wa New York kinanitia mashaka.

Tweed alikuwa kinara wa Tammany Hall, mtandao wa chama cha Democratic uliokuwa na nguvu kubwa jijini humo miaka ya 1860. Ulaji wao haukuwa na ufundi mkubwa. Mkandarasi anapandisha ankara maradufu, jiji linalipa, cha juu wanagawana. Jengo moja tu la mahakama lilimeza zaidi ya dola milioni 10. Linganisha na Alaska nzima, ambayo Marekani iliinunua mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2!

Mchoraji Thomas Nast, mzaliwa wa Ujerumani, alianza kumwandama Tweed kwenye jarida la Harper's Weekly akiwa bado kijana. Alimchora na tumbo kubwa na almasi inayong'aa kifuani. Watu walicheka, na Tweed akaendelea kula.

Mambo yalibadilika Julai 1871. Gazeti la New York Times lilipata nakala za vitabu vya hesabu vya jiji na kuanza kuzichapisha: nani kalipwa, kiasi gani, kwa kazi ipi. Kulikuwa na fundi plasta aliyelipwa mamilioni! Mwezi uliofuata Nast akachora duara la wanaume, kila mmoja akimnyooshea kidole jirani yake, chini pana swali: nani ameiba fedha za wananchi? Sasa kicheko kilikuwa na ushahidi nyuma yake. Inasimuliwa kwamba Tweed alilalamika kuwa wapiga kura wake hawajui kusoma, lakini picha wanaziona.

Novemba mwaka huohuo mtandao ulianguka vibaya kwenye uchaguzi. Lakini Tweed mwenyewe alichaguliwa tena kuingia Seneti ya jimbo. Wengi wa wapiga kura wa Tammany walikuwa wahamiaji maskini kutoka Ireland, watu waliopewa kazi na misaada na mtandao huo. Na Nast alikuwa na tabia ya kuwachora Waairishi kama nyani. Hapo ananikera. Huwezi kumtukana mtu halafu ukategemea akuamini unapomwambia kwamba anaibiwa.

Tweed alihukumiwa mwaka 1873, akatoroka kizuizini 1875, akanaswa Hispania 1876. Inaelezwa kwamba alitambuliwa huko kwa mchoro wa Nast. Alifia jela New York mwaka 1878.

Kwa hiyo nani alimwangusha? Naona katuni za miaka ile ya mwanzo zilichekesha tu kwa sababu hazikuwa na hesabu. Na hesabu peke yake zingebaki safu za namba ambazo msomaji anazipita akienda kurasa za michezo.

Ndiyo maana siku hizi nikipata nyaraka nzito, kabla sijaandika sentensi ya kwanza, napitia kwanza kwenye meza ya mchora katuni wetu.