Upokezi wa vya Awali

Mwaka 2004 hivi, katika kibanda kimoja cha gemu Ngamiani, Tanga, mwenzetu mmoja aliingia na diski aliyoletewa na mjomba wake kutoka Maskati. Diski zote za pale kibandani ziling'aa kama fedha upande wa chini. Yake ilikuwa nyeusi tii, ukiigeuza unajiona uso kama umeinamia kisima. Ilikuwa ya PlayStation ya kwanza, na mashine za kibandani zilikuwa PlayStation 2. Mwenye kibanda alikataa, akihofu itamharibia lenzi. Tukambembeleza mpaka akalegea. Akaiweka, trei ikaingia, skrini ikabaki kiza kwa muda ambao sisi tuliuona mrefu, halafu muziki ukaanza. Kibanda kizima kikalipuka: "Imekubali!"

Kilio kile kimenirudia mara nyingi kila nikisoma maandishi ya Kiswahili yanayojaribu kutaja sifa hii ya mashine mpya kuendesha gemu za zamani. Kwa Kiingereza inaitwa backward compatibility. Kwa Kiswahili nimekuta "utangamano wa nyuma", nimekuta "upatanifu wa nyuma", na wengine wanasema "uoanifu". Yote ni majaribio ya watu makini, na nawaheshimu kwa kujaribu. Lakini naamini watoto wa kile kibanda walikuwa karibu zaidi na ukweli wa jambo, na sababu zake ziko ndani ya sarufi yetu.

Nianze na neno "nyuma", maana hilo halina mzozo mkubwa. Tunasema "miaka ya nyuma" na kila mtu anaelewa kwamba ni wakati uliopita. Lakini likikaa baada ya nomino na kiunganishi cha -a, akili ya msikilizaji hukimbilia mahali: mlango wa nyuma, tairi la nyuma, kiti cha nyuma. Mwambie muuza vifaa wa Kariakoo kwamba konsoli yake ina utangamano wa nyuma, naye ataigeuza akaangalie matundu ya waya. Isitoshe, "kurudi nyuma" kwetu ni kuporomoka, na sifa tunayoizungumzia ni ya mashine iliyosonga mbele bila kuwatupa waliotangulia.

Tatizo kubwa liko kwenye -an-. Tangamana, patana, oana, elewana, chukuana: mnyambuliko huu mara nyingi hubeba pande mbili zinazotendeana. Wali na nazi huchukuana. Majirani hupatana, au wakigombana tunasema hawapikiki chungu kimoja. Nchi za Afrika Mashariki zinapozungumzia mtangamano neno linakaa vizuri kabisa, kwa kuwa kila nchi inatakiwa isogee kidogo kumfuata mwenzake. Sasa tazama ile diski nyeusi. Ilichapwa miaka kadhaa kabla PlayStation 2 haijatoka, Machi 2000, na haikujua lolote kuhusu mashine hiyo. Haikusogea hata unywele mmoja. Kila kilichofanyika pale kibandani kilifanywa na upande mmoja tu, mashine mpya, na ilikuwa imejiandaa tangu kiwandani.

Ilijiandaaje? Ndani ya PlayStation 2 za mwanzo mlikuwa na kichakataji kikuu kipya, na pembeni yake palikuwa na kichakataji cha PlayStation ya kwanza. Waundaji hawakukiweka kama mgeni wa kukaa bure. Gemu mpya zilipokuwa zikichezwa, kilipewa kazi za pembeni, kama kushughulikia pedi na memori kadi. Ukiingiza diski ya zamani, kinaacha utumishi huo na kushika tena kazi yake ya ujana. Napenda sana ubunifu huu. Ni kama mzee wa nyumba ambaye siku za kawaida hupokea simu na kufungua mlango, lakini siku akija mgeni anayesema lugha ya kijijini, yeye ndiye anayekaa mbele kuzungumza.

Mfano wa Game Boy Advance, iliyotoka 2001, ni mzuri hata zaidi kwa sababu unaweza kuushika kwa mkono. Katriji za Game Boy ya 1989 ni nene na ndefu kuliko zile mpya. Ukiichomeka ya zamani, umbo lake linabonyeza kiswichi kidogo kilichofichwa ndani ya tundu, na mashine inajua kwa kugusa tu ni nani aliyeingia: inaamsha kichakataji cha zamani, ambacho nacho kimo ndani. Picha inatokea katikati ya kioo, ndogo, ikiwa na giza pande zote, kwa sababu kioo cha zamani kilikuwa na umbo la mraba zaidi. Bonyeza kitufe cha bega, itanyooshwa ijaze upana. Gemu yenyewe haina habari kwamba imenyooshwa.

Familia hiyohiyo ya Game Boy inaonyesha pia mwelekeo wa pili. Game Boy Color ilipotoka 1998, baadhi ya gemu zake ziliuzwa kwenye katriji nyeusi zilizochezeka kwa rangi kwenye mashine mpya na bila rangi kwenye ile ya kijivu ya zamani. Nyingine zilikuja kwenye katriji zinazopenyeza mwanga, na hizo zilikuwa za mashine mpya peke yake. Kuzuia makosa, zilikosa pengo dogo kwenye kona ya juu. Swichi ya kuwashia ya Game Boy ya kwanza ilikuwa na ulimi unaoingia kwenye pengo hilo, kwa hiyo bila pengo, swichi haisogei na mashine haiwaki. Katriji nyeusi ndiyo iliyojibebesha mzigo wa kuzungumza na wazee. Katriji angavu iliukataa. Katika mielekeo yote miwili kuna anayebeba na kuna anayebebwa, na istilahi nzuri ingetuambia nani ni nani.

Mzigo huo una gharama. PlayStation 3 ilipoanza kuuzwa Japani na Marekani, Novemba 2006, ilibeba chipu kuu za PlayStation 2 ndani yake. Mashine ilikuwa ghali, ile ya GB 60 ikiuzwa dola 599 Marekani, na kila chipu ilihesabika. Zilizofika Ulaya Machi 2007 zilikuwa zimeondolewa kichakataji kikuu cha PlayStation 2, kazi yake ikaachiwa programu, na baadhi ya gemu zikashindwa. Mwishoni mwa mwaka huohuo ikaja ya GB 40 ambayo haikuendesha gemu za PlayStation 2 hata moja. Ajabu ni kwamba diski za PlayStation ya kwanza iliendelea kuzikubali, maana hizo ni nyepesi kiasi kwamba programu inaziweza bila chipu ya ziada. Wajukuu wakampokea babu na kumfungia mlango baba.

Kisha ikaja 2013. PlayStation 4 ilitumia kichakataji cha ukoo wa kompyuta za kawaida za mezani, wakati PlayStation 3 ilijengwa juu ya Cell, kichakataji cha Sony, Toshiba na IBM chenye mpangilio wa kipekee. Gemu zilizoandikwa kwa Cell hazikupokelewa kabisa. Watu walikuwa na makabati yaliyojaa diski walizolipia kihalali, na mashine mpya haikuzitambua. Naliona hilo ni pigo, na bado linaniuma nikifikiria gemu zilizobaki ng'ambo ile.

Mashine isipobeba chipu ya zamani, imebaki njia ya kuigiza. Nasema kuigiza, si kuiga, na tofauti hii Kiswahili kinaipa bure. Anayeiga huchukua mwendo au sauti ya mtu. Anayeigiza huvaa nafasi yake yote jukwaani, akajibu kila swali kama ambavyo mhusika angejibu. Kiigizi ni programu inayojifanya mashine nyingine mbele ya gemu: gemu inakiuliza kichakataji jambo, inajibiwa, inaagiza rangi fulani iwekwe mahali fulani, inawekwa. Wazo hili limetangulia gemu za nyumbani. IBM ilipotangaza kompyuta za System/360 Aprili 1964, wateja wake walikuwa na programu chungu nzima za kompyuta ya 1401, na wasingekubali kuandika upya kila kitu. Baadhi ya mashine mpya zikawezeshwa kuigiza ile ya zamani.

Kazi ya kuigiza ni ngumu kwa sababu gemu za zamani zilizoea hata kasoro za mashine zao. Kompyuta ya IBM ya 1981 ilikwenda kwa MHz 4.77, na waandishi wa gemu wakahesabu muda kwa mwendo huo. Mashine za kasi zilipokuja, gemu zilikimbia hadi zikawa hazichezeki, ndiyo maana kompyuta nyingi za miaka iliyofuata ziliwekwa kitufe kilichoitwa Turbo, ambacho kazi yake ya kweli ilikuwa kuipunguza mashine mwendo.

Microsoft waliichukua kazi hii ya kuigiza kwa uzito. Xbox One ilitoka 2013 bila kuendesha gemu za Xbox 360, lakini Novemba 2015 ikaanza kuzipokea, kundi la kwanza likiwa la gemu 104. Namna inavyofanya ni ya kutafakari. Ukiweka diski ya Xbox 360, mashine haiendeshi kilichomo. Inaisoma kama hati ya kumiliki, kisha inapakua kutoka intaneti gemu ileile iliyofungashwa upya pamoja na kiigizi chake. Kwa hiyo kila gemu inahitaji ridhaa ya wenye haki: mtunzi wa muziki, mwenye leseni ya magari, kampuni iliyofilisika ikauzwa mara mbili. Novemba 2021 walitoa kundi la mwisho, wakasema wamefika ukomo kwa sababu za kisheria, za leseni na za kiufundi. Haukufungwa mlango wa mashine peke yake, na wa ofisi pia. Mwaka 2023, Video Game History Foundation ya Marekani ilitoa utafiti kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka nchini humo kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni.

Sisi wa pwani tunalijua jambo hili kwa njia nyingine. Bibi yangu aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Barua zake zimo ndani ya bahasha, lugha ni yetu, maneno ni yetu, na mimi niliyesomeshwa kwa herufi za Kirumi sikuweza kusoma mstari hadi nilipojifunza ukubwani. Barua hazikuwa zimeharibika, ni msomaji aliyebadilishwa. Na hakuna siku barua ile ingejifunza kunielewa. Ilinilazimu mimi niende nikaipokee.

Ndipo ninapolipata neno langu. Kupokea ni tendo la upande mmoja, na ni tendo la kubeba: mgeni akishuka garini tunampokea mzigo, unatoka begani kwake unakuja kwetu. Pia neno hili lina ukoo mkubwa katika fikra zetu, kwani yale tuliyorithi kwa waliotutangulia tunayaita mapokeo. Napendekeza basi tuseme upokezi wa vya awali. Nimechagua "vya awali" na si "wa awali" ili lisisikike kama mapokezi ya mwanzo ya mgeni. Na ile hali ya pili, ya kifaa cha zamani kuweza kukubali kitu kilichotengenezwa baadaye, itakuwa upokezi wa vijavyo, bila kuvunja mpangilio. "Utangamano" ubaki kwa vitu viwili vinavyosogeleana, kama pedi na mashine za kizazi kimoja.

Neno zuri lijaribiwe dukani. PlayStation 5 inapokea karibu gemu zote za PlayStation 4. Diski za PlayStation 3 haipokei. Switch 2 ya Juni 2025 inapokea nyingi za Switch ya kwanza, lakini gemu ya Ring Fit Adventure inakuja na sharti: pedi mpya za Joy-Con ni kubwa, haziingii kwenye pete ya mazoezi ya gemu hiyo, kwa hiyo lazima uwe nazo zile za zamani. Gemu imepokelewa, mkono wake ukabaki nje. Mteja akiuliza "Inapokea za zamani?" au, kama tulivyozoea, "Inakubali za zamani?", vyote ni sahihi masikioni mwangu. Kukubali ni matokeo yanayoonekana kwenye skrini. Kupokea ni kazi iliyofanyika ndani.

Na upokezi una daraja zake, kama tulivyojifunza jioni ile ile Ngamiani. Gemu ilikubali, lakini tulipofika mahali pa kuhifadhi, haikuiona memori kadi. Kibandani palikuwa na kadi za PlayStation 2 za MB 8. Gemu za zamani huhifadhi kwenye kadi ya zamani tu, ile ya KB 128, ambayo ingeingia vizuri kabisa kwenye tundu lilelile, kama tungekuwa nayo. Hatukuwa nayo. Wiki nzima mwenzetu alianza upya kila alasiri, akifika msitu uleule, akizima saa mbili usiku. Ijumaa mwenye kibanda, ambaye kufikia hapo naye alishataka kujua nini kiko baada ya msitu, alisema mashine isizimwe. Akafunika televisheni kwa kanga, akaiacha taa ndogo ya kijani ikiwaka, akafunga kufuli. Saa tisa usiku umeme ukakatika.