Sifuri Tupu

Rekodi ya bibi niliifuta Jumamosi, pamoja na takataka nyingine za kwenye kompyuta. Jumapili nilikuwa kwa fundi. Aliendesha programu yake ya kufufua mafaili, kisha akanigeuzia kioo: sifuri tupu.

"Mbona picha za harusi ulizirudisha?" nikamuuliza.

"Zile zilikuwa kwenye diski ya kuzunguka, kaka. Hii ni SSD."

Tangu IBM ilipotoa diski yake ya kwanza mwaka 1956, waandishi wa mifumo endeshi wamehangaika na mkono. Ni mkono wenye kichwa cha kusomea, unaotembea juu ya sahani. Sahani ikizunguka mara 5,400 kwa dakika, kama ilivyokuwa kwenye laptopu nyingi za zamani, mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11, na kwa prosesa huo ni muda mrefu mno. Kwa hiyo Linux ilipanga maombi kama lifti: haimkimbilii aliyebonyeza kwanza, inabeba walio njiani. Matoleo ya mwanzo ya Linux 2.6 yalikwenda mbali zaidi. Baada ya kusoma, yalikaa milisekunde chache bila kufanya lolote, yakitumaini kwamba ombi linalofuata litatoka jirani. Napenda sana wazo hilo. Uvivu uliopigiwa hesabu.

SSD haina mkono. Lifti ikabaki ikipanga abiria katika nyumba isiyo na ghorofa, na foleni moja yenye kufuli moja ikageuka kikwazo. Mwaka 2013 Jens Axboe na wenzake walichapisha mpango wa kukipa kila kiini cha prosesa foleni yake. Uliingia kwenye Linux 3.13 mwaka 2014. Njia ya zamani ikaondolewa katika toleo la 5.0, mwaka 2019. Diski za kuzunguka hazikutupwa. Linux ina faili dogo liitwalo rotational linaloeleza kila diski ni ya aina gani: 1 inazunguka, 0 haizunguki.

Hayo yote ni mbio. Kilichonipata mimi ni kufuta. Kwenye diski ya zamani, kufuta ni kuondoa jina tu. Maandishi hubaki palepale hadi yaandikwe mengine juu yake. SSD haiwezi kuandika juu ya kilichopo, lazima kwanza isafishe bloku nzima ya seli. Basi inahitaji kuambiwa mapema ni sehemu zipi hazina mwenyewe tena. Amri hiyo huitwa TRIM. Windows 7 ilikuja nayo mwaka 2009, Linux ikafuata mwaka 2010. Nilipomwaga kapu la taka Jumamosi ile, kompyuta yangu ilituma amri hiyo kwa utiifu.

Diski ya zamani bado ninayo kabatini. Juzi niliichomeka. Ilikwaruza kidogo, ikafunguka. Picha za harusi zimo zote. Bibi nilimrekodi mwaka uliofuata.