Upasuaji wa kutibu kukoroma

Upasuaji wa kutibu kukoroma ni jumla ya operesheni zinazofanywa puani, kooni, kwenye ulimi au kwenye mataya ili kupanua njia ya hewa ya mtu anayekoroma sana usingizini. Hufanywa hasa na madaktari bingwa wa masikio, pua na koo, pale ambapo kupunguza uzito, kuacha pombe na kulala kwa ubavu havijasaidia.

Chanzo cha sauti

Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Njia ikiwa nyembamba, hewa hupita kwa kasi zaidi na mgandamizo wake hupungua (wanafunzi wa fizikia watakumbuka kanuni ya Bernoulli). Kuta laini za koo huvutwa ndani, kaakaa laini na kimeo hupepea kama bendera, na hapo sauti hutokea. Kuta zikikutana kabisa, hewa haipiti: mkoromaji hunyamaza ghafla, kisha hushtuka akihema. Huko ni kukatika kwa pumzi usingizini, hali inayohusishwa na shinikizo la juu la damu, kiharusi, magonjwa ya moyo na ajali za madereva wanaosinzia.

Vipimo kabla ya operesheni

Kwa sababu hiyo mgonjwa hupimwa usingizi kwanza. Huhesabiwa ni mara ngapi kwa saa pumzi hukatika au kupungua: kuanzia 5 ni hali nyepesi, kuanzia 15 ni ya wastani, na kuanzia 30 ni kali. Hatua hii haifai kurukwa hata kidogo. Operesheni ya kaakaa inaweza kuondoa kelele huku pumzi ikiendelea kukatika. Watu wa nyumbani hufurahia ukimya, kumbe dalili iliyokuwa ikiwaonya ndiyo iliyoondolewa.

Kwa mtu mzima mwenye hali kali, tiba ya kwanza si kisu bali mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa, iliyoelezwa na Colin Sullivan wa Australia mwaka 1981. Upasuaji huwafaa zaidi wasioweza kuivumilia. Kwa watoto mambo ni tofauti: mara nyingi tiba ya kwanza ni kuondoa tonsili pamoja na adenoidi, yaani nyama za nyuma ya pua.

Operesheni za kaakaa

Takenori Ikematsu wa Japani alikuwa wa kwanza kueleza upasuaji wa kaakaa kwa ajili ya kukoroma, miaka ya 1960. Mwaka 1981 Shiro Fujita, akiwa Detroit, Marekani, aliutumia kutibu kukatika kwa pumzi. Mgonjwa hupewa nusukaputi, kisha tonsili, kimeo na ukingo wa kaakaa laini hukatwa, na sehemu iliyobaki hushonwa ili njia ipanuke. Maumivu ya kumeza huweza kudumu wiki mbili. Damu inaweza kutoka, sauti kubadilika, au maji ya kunywa kurudi kupitia puani. Mapitio ya tafiti ya mwaka 1996 yalionyesha kuwa takriban asilimia 40 tu ya wenye kukatika kwa pumzi walipata nafuu ya kutosha. Wengi wa waliobaki walikuwa wamebanwa kwingine, nyuma ya ulimi, mahali ambapo kisu hakikufika.

Mbinu ya leza, iliyoanzishwa na Yves-Victor Kamami huko Paris, hufanywa kwa ganzi tu, lakini kovu lake linaweza kukaza koo. Haishauriwi kwa wenye kukatika kwa pumzi. Mawimbi ya redio, yanayokakamaza kaakaa kwa joto, huumiza kidogo zaidi.

Operesheni hizi zisichanganywe na ukataji wa kimeo wa kienyeji unaofanyiwa watoto wenye kikohozi katika sehemu za Tanzania. Huo hautibu kikohozi wala kukoroma, na umesababisha vifo kwa kutoka damu na maambukizi.

Operesheni nyingine

Kunyoosha ukuta wa pua husaidia kupumua na kuvaa barakoa, ila peke yake mara chache humaliza kukoroma. Kusogeza mataya yote mawili mbele, kwa takriban sentimita 1, ni operesheni kubwa yenye matokeo mazuri kuliko nyingi. Tangu mwaka 2014 Marekani imeruhusu kifaa kinachopandikizwa kifuani na kuamsha neva ya ulimi kila mgonjwa anapovuta pumzi, ili ulimi usogee mbele. Trakeostomia, yaani kutoboa koo chini ya zoloto, huondoa kizuizi kabisa, lakini siku hizi huachiwa wagonjwa walio hatarini sana.