Wazee Ambao Hawakuhesabiwa

Ukisema shosho wa miaka 85 ana depresheni, kuna mtu atacheka. Sonona, tunaambiwa, ni ya vijana wa mjini. Wazo hilo lina historia, na sehemu yake iliandikwa hapa Nairobi.

Mwaka 1938 daktari Mwingereza, J. C. Carothers, alikabidhiwa hospitali ya Mathari, ingawa hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alidai kuwa sonona ni nadra kwetu, akitegemea sana hesabu ya waliolazwa Mathari. Sasa jiulize, nani alikuwa anapelekwa Mathari? Aliyepiga watu, aliyevua nguo sokoni, aliyewasumbua polisi. Ajuza wa ushago aliyeacha kula, akageukia ukuta na kunyamaza, hakumsumbua afisa yeyote. Hakupelekwa, kwa hivyo hakuhesabiwa.

Na mjini? Nairobi ya mkoloni haikupangiwa uzee kabisa. Wanaume walining'iniza kipande shingoni, wakapewa nafasi ya kitanda, na mshahara ukakadiriwa kana kwamba hawana familia. Ukizeeka, rudi rizavu, shamba na watoto watakutunza. Serikali ilikwepa gharama, halafu ikaiita mila.

Wengi hawakurudi. Wengine hawakuwa na shamba la kurudia, lilishachukuliwa. Ndiyo maana leo utapata mzee wa miaka 80 Korogocho akihangaikia kodi ya nyumba, majirani wakibadilika kila mara. Mwenzake wa ushago ana shamba na kaburi la mumewe hapo nyuma, lakini watoto wako Nairobi na Doha. Simu inalia Jumapili. Na Kilifi (hili ni zito kuliko upweke) wapo wanaoogopa mvi zao, kwa sababu wazee wenzao wameitwa wachawi na kuuawa.

Kwa mtu wa umri huo, sonona mara nyingi hujitokeza mwilini: magoti yasiyopoa, chakula kisicho na ladha, usingizi unaokatika saa tisa usiku. Kliniki huandika dawa ya magoti. Nyumbani tunasema, "Si ni uzee tu."

Mwaka 2018 Inua Jamii ilipanuliwa kwa waliotimiza miaka 70, Ksh 2,000 kwa mwezi. Pesa hizo zinasaidia, sizibezi. Ila siku ya kuzichukua mzee huulizwa kitambulisho, haulizwi analalaje.